Masikio Bora Kiwandani

Daphrose alipotaka kumwambia mumewe kwamba chumvi imeisha, mtaa mzima wa Gikondo, upande ule unaotazama kilima cha Rebero, ilipata habari kwamba chumvi imeisha. Hakuwa mkorofi, maskini. Alikuwa mwanamke mpole aliyelelewa na masista, na sauti yake ya zamani ilikuwa ya kusalia rozari. Lakini ukiishi na Eustache lazima upandishe sauti, naye aliipandisha kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka ikafika hapo ilipofika.

"Baba Akimana, chumvi imeisha."

"Eeh," alisema Eustache na kutabasamu.

"Nimesema chumvi."

"Ndiyo, ndiyo."

Daphrose akavuta pumzi. "Nasema chumvi imeisha ndani ya nyumba hii, maharage hayana ladha, na wewe umekaa hapo unatabasamu kama mtu anayepigwa picha."

Eustache alikuwa bado anatafuta jibu wakati kichwa cha jirani yao Mukandekezi kilipotokea juu ya ua wa minyaa, na baada ya kichwa ukatokea mkono wenye kisahani cha chumvi.

"Shika, jirani. Na ule mguu wa kitanda chenu, umetengenezwa?"

Habari ya mguu wa kitanda ilizungumzwa chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Daphrose alipokea chumvi, akashukuru, akaingia ndani akiwa anaona haya mpaka kwenye vidole vya miguu. Eustache alimpungia Mukandekezi mkono. Kwa maoni yake masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote. Watu wa siku hizi ndio wanaongea kama wana viazi vya moto mdomoni.

Eustache alifanya kazi kwenye kiwanda cha misumari. Waya uliingia upande mmoja wa mashine, upande wa pili misumari ikamwagika ndani ya sanduku la bati, na kelele ya mashine moja ilitosha kumtoa mtu akili. Na mashine ukumbini zilikuwa nyingi. Humo ndani hakuna aliyesema kwa mdomo, watu walisema kwa mikono. Ngumi inayozunguka ni washa. Kiganja kinachokata hewa ni zima. Kiganja kinachopanda ni ongeza, kinachoshuka ni punguza. Ukipapasa tumbo, patro, yaani mwenye kiwanda, anakuja. Kwa lugha hiyo Eustache alikuwa bingwa, aliweza kumsimulia mwenzake Mugenzi, aliyesimama kwenye mashine ya pili, ugomvi wote wa baa ya Jumamosi bila kuacha waya.

Mtoto wao alikuwa mmoja, binti, Akimana, amemaliza shule na amezunguka mji kutafuta kazi mpaka soli za viatu zikaisha. Hatimaye patro Gasana alikubali kumchukua. Angeanza Jumatatu, kufungasha misumari kwenye meza iliyo kando ya mashine ya baba yake. Nyumba ilifurahi. Akimana alikuwa pia ndiye anayeimba peke yake katika kwaya ya parokia, ile sehemu ambapo wengine wote wananyamaza na akina mama wanatoa leso. Kila Jumapili Eustache alikaa benchi la mbele, akimtazama mdomo, akipiga goti kwa kidole kufuata wimbo. Mara nyingine wimbo ulikuwa umeisha na padri ameanza kusoma, yeye bado anapiga goti. Daphrose alikuwa anamshika kidole.

* * *

Wiki ile ile, kiwandani alikuja daktari wa masikio, mwanamke mwembamba mwenye miwani, aliyeitwa Dokta Générose. Alipanda juu ya sanduku la misumari ukumbini akahutubia wafanyakazi. Mashine hazikuzimwa, kwa sababu patro Gasana alipoona mashine imezimwa mchana alijisikia kama amekatwa kidole.

Dokta alisema hivi: kelele kama hii inaua masikio polepole, mtu mwenyewe asijue. Atawapima wote. Akiona wameumia, boksi la vifuniko vya masikio ambalo liko ndani ya gari lake pale getini litabaki hapa, kila mtu apate vyake. Na hakuna hata mmoja atakayepoteza kazi.

Maneno mazuri sana, na hakuna aliyesikia hata moja.

Wote waliitikia kwa kichwa. Mgeni akisema, unaitikia. Kumwambia mgeni aliyepanda juu ya sanduku kwamba humsikii ni sawa na kumwambia amekuja bure, na hapa kwetu hakuna mtu aliyelelewa vibaya kiasi hicho. Dokta aliona vichwa vinavyoitikia akafurahi, akashuka, akapeana mikono na walio karibu.

Ila watu wa ukumbi ule walizoea kusoma mikono, na mikono ya dokta waliisoma vizuri. Kwanza alivuta sikio lake. Kisha akatikisa kichwa kwa huzuni. Kisha akanyoosha kidole getini.

Saa ya chakula, nje, Mugenzi ndiye aliyefungua mjadala. Alikuwa amekulia Bukavu, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. "Mumeona? Sikio mubaya, geti."

"Nimeona," alisema Eustache. "Sikio baya, getini."

"Ni namna yao ya kupunguza watu. Kwanza wanakupima."

Eustache alipoteza hamu ya viazi vyake. Mwaka ule wa tisini na mbili, kwa vita vya kaskazini na bei za sokoni, mtu aliyetoka getini hakurudi. "Mimi nasikia vizuri," alisema, bila kuulizwa.

Mugenzi alimtazama kwa huruma, kisha akainama kumsemea sikioni, kwa nguvu. "Hapana ogopa, muzehe. Mi nitasimama ku dirisha ya stoo."

* * *

Kipimo kilifanyika stoo. Dokta aliweka kimashine chake mezani, akamkalisha mfanyakazi kwenye kiti akiwa amempa mgongo, ili asione kidole chake kikibonyeza. Ukisikia mlio, inua mkono. Kiti kilitazama dirisha. Nje ya dirisha Mugenzi alikuwa anafagia kwa bidii ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwona nayo, na kutoka hapo alikiona kidole cha dokta bila shida.

Dokta akabonyeza. Nje ngumi ikazunguka: washa. Eustache akainua mkono.

Dokta akapunguza mlio. Ngumi ikazunguka. Mkono ukapanda. Akapunguza tena, na tena, mpaka akafika kwenye mlio ambao mbwa mwenyewe angeomba urudiwe. Eustache akainua mkono kwa utulivu, macho yake dirishani, kama mtu anayefurahia mandhari ya Rebero.

Dokta alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mzee, uko kwenye mashine hii miaka mingapi?"

"Ndiyo, ndiyo," alisema Eustache.

Mugenzi alipoitwa ndani, Eustache alichukua ufagio. Wakapokezana hivyo mpaka jioni. Ukumbi mzima ulionekana una masikio ya watoto wachanga. Aliyeshindwa alikuwa karani wa ofisi peke yake, kwa sababu yeye alitegemea masikio yake mwenyewe.

Patro Gasana alipopewa matokeo alicheka mpaka tai yake ikalala begani. Aliwakusanya watu getini, mbali kidogo na mashine, akamshika Eustache bega. "Mtazameni huyu. Ameota mvi kando ya mashine, na anasikia kuliko karani wangu. Dokta, hivyo vifuniko vyako wapelekee wale wa kiwanda cha mbao walioviomba. Kelele yangu inaonekana inasafisha masikio." Akaamuru Eustache apewe kasha la bia.

Eustache aliliona kasha, akaelewa kwamba amefaulu. Alilibeba kichwani mpaka nyumbani, akipokea pongezi njia nzima.

* * *

Majirani walifika kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa. Mukandekezi alikaa kwenye kigoda kizuri. Eustache alikuwa anaonyesha kwa mikono jinsi alivyokaa kwenye kile kiti, wakati Akimana aliporudi kutoka mazoezi ya kwaya. Hakucheka na wengine. Alipiga magoti mbele ya baba yake, akamshika uso kwa mikono miwili, akasema polepole ili asome midomo.

"Baba. Na mimi nimepimwa, kwa sababu naanza Jumatatu. Mimi sikuwa na mtu dirishani. Dokta ameniambia nina masikio mazuri sana, na kwamba nisikae kwenye kelele ile bila vifuniko, nitayapoteza. Vifuniko vilikuwa ndani ya boksi. Vilikuwa vyetu. Sasa boksi linaondoka kesho, kwa sababu wewe unasikia kuliko watu wote wa Kigali."

Eustache aliweka chupa chini.

"Hakuna aliyetaka kumfukuza mtu," alisema Akimana. "Dokta alisema mbele yenu wote. Mkaitikia."

Hapo Daphrose akaanza, na alipoanza hata wanywaji walishusha chupa. "Si nilikuambia? Nimekuambia mpaka koo limekauka. Wiki jana pale kwenye kizuizi askari alikuambia simama, ukaendelea kutembea na tabasamu lako, akakoki bunduki, nikaruka nikakushika koti mbele ya watu wote. Ningekuwa nimebaki nyumbani siku ile, leo ningekuwa mjane. Halafu wewe unaiba mtihani wa masikio. Unakubali mwanao akae pale pale ulipokaa wewe, ili na yeye siku moja mumewe ampigie kelele kama mwendawazimu. Kesho unakwenda kwa patro. Kesho, Baba Akimana. Utamwambia wewe ni kiziwi."

Neno lile hakuna aliyewahi kulitaja ndani ya nyumba. Majirani walikumbuka kwamba wana shughuli, wakaondoka na chupa zao.

Walipobaki watatu, Eustache alimwambia binti yake, "Niimbie kidogo." Akimana akamwimbia ile sehemu yake. Eustache aligeuza sikio la kulia, akageuza la kushoto, akasogea mpaka pumzi ya mtoto ikampiga shavuni. Pumzi aliisikia. Kitu kingine hakikuja.

"Mara ya mwisho nilipokusikia vizuri," alisema, "ulikuwa huna meno ya mbele."

Akalia, mtu mzima, bila kujificha. Akimana naye akalia. Daphrose aliona hakuna atakayeosha sahani, akainuka kuziosha mwenyewe, huku machozi yakimdondokea kwenye maji.

* * *

Kwa kuwa Daphrose alisema jambo lile kwa sauti ambayo mumewe angeisikia, asubuhi yake Mukandekezi alikuwa amesimama njiani katika kitenge cha kanisani, na nyuma yake nusu ya mtaa. "Twende," alisema. "Hatuwezi kuwaacha peke yenu kwenye matatizo." Ukweli ni kwamba hakuna aliyetaka kusimuliwa baadaye.

Patro Gasana alikuwa ofisini na Dokta Générose, boksi liko miguuni pa dokta, limeshafungwa kamba. Eustache alivua kofia, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa.

"Patro, mimi ni kiziwi."

Patro akacheka. Akaona Eustache hacheki, akaacha. "Jana masikio bora kiwandani, leo kiziwi. Nani amekufundisha? Unataka nikulipe ukae nyumbani?"

Eustache alimwangalia midomo, akapata nusu. "Jana tulidanganya. Kulikuwa na mtu dirishani."

"Mtu gani?"

Eustache alizungusha kofia mkononi. Kumtaja Mugenzi hakuweza.

"Umeona, dokta?" alisema patro. "Ni pensheni anatafuta."

Dokta alikunja uso. Alikuwa mtu mwema lakini alikuwa pia mtu wa vipimo. "Mzee, nikikupima tena leo, utakaa tu bila kuinua mkono. Nitajuaje kwamba husikii kweli? Kila mtu anaweza kukaa bila kuinua mkono."

Daphrose alisogea karibu na kiti cha mumewe. Kamba ya boksi ilikuwa pale mbele yao, na kesho kutwa ndiyo Jumatatu.

Ndipo Mukandekezi, aliyekuwa amesimama mlangoni na wenzake, nyuma ya mgongo wa Eustache, aliposafisha koo.

"Patro, unipe ruhusa. Mimi ni jirani. Huyu mzee hasikii. Nina ushahidi."

"Ushahidi gani?"

"Mimi nayajua yao yote. Ningeyajua vipi kama mkewe hapigi kelele?"

Daphrose aliona kinachokuja. Alimwangalia jirani yake, akaliangalia boksi. Kisha akafumba macho. "Sema, Mukandekezi," alisema. "Sema yote."

Mukandekezi alikuwa amesubiri siku hiyo miaka mingi. "Kitanda chao kina mguu mbovu, na mguu huo umefungwa kwa waya wa kiwanda hiki hiki."

Patro aliinua nyusi. Eustache, aliyekuwa anamtazama patro mezani, aliona nyusi zimepanda, akadhani mambo yanakwenda vizuri. Alitabasamu.

"Jumapili anapaka nywele rangi ya viatu," alisema jirani mwingine kutoka nyuma. "Mvua ikinyesha mkewe anafua mito ya kulalia."

"Ana kofia za vyama viwili vya siasa," alisema wa tatu. "Anavaa kulingana na barabara anayopita."

Mlangoni watu walianza kushikana ili wasianguke kwa kicheko. Eustache alikaa wima, kofia magotini, tabasamu lake lile lile la heshima, akiitikia kwa kichwa taratibu. Dokta alikuwa ameacha kuwatazama mashahidi. Alikuwa anautazama uso wa Eustache, hata kope.

"Endeleeni," alisema dokta kwa sauti ndogo.

Mukandekezi alisita. Alimtazama Daphrose, naye Daphrose, macho bado yamefumbwa, akaitikia.

"Na patro," alisema Mukandekezi, "nyumbani kwao haitwi patro. Mzee anamwita kiboko aliyefunga tai."

Karani aliinamisha kichwa kwenye karatasi zake. Shingo ya patro ilivimba ndani ya kola, uso ukageuka rangi, na tai ile ikapanda na kushuka. Eustache aliona patro amejaa hisia. Alifikiri kuna mtu mlangoni anamsifu patro kwa wema wake, na kukaa kimya wakati mkubwa wako anasifiwa ni utovu wa adabu. Akainama mbele kidogo, akaweka mkono kifuani.

"Ndiyo, patro," alisema. "Ni kweli kabisa. Sote pale nyumbani tunasema hivyo."

Dokta Générose aliinama, akafungua kamba ya boksi.

"Hasikii," alisema. "Hakuna binadamu anayeweza kuigiza hivyo."

Mlangoni watu walisukumana, akaingia Mugenzi na ufagio wake mkononi, sijui kwa nini aliuleta. Alimwangalia Eustache, akagusa sikio lake mwenyewe, kisha kiganja chake kikakata hewa: zima. Nyuma yake mwingine wa ukumbini akafanya vile vile, na mwingine. Eustache ndipo akageuka, akaona mlango umejaa viganja vinavyokata hewa.

"Ukiwafukuza hawa," dokta alimwambia patro, "misumari utaikata na karani."

* * *

Siku ile mashine zilizimwa mchana. Dokta alipanda tena juu ya sanduku akarudia maneno yake yale yale, na kimya kilikuwa kikubwa hata wengine waliogopa. Mugenzi alipata nusu ya maneno, nusu nyingine akamuuliza aliye jirani. Eustache aliuliza, "Amesema nini?" Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuuliza hivyo mbele za watu, na hakuna aliyemcheka. Walipimwa upya, dirisha limebandikwa magazeti. Sitataja matokeo, yalikuwa ya kusikitisha. Patro alimkata Eustache waya wa kitanda kwenye mshahara, akamhamishia stoo kupima misumari kwenye mizani, na kwa muda mrefu hakuvaa tai.

Jumatatu Akimana alikaa kwenye meza yake, vifuniko vikubwa vyekundu juu ya kitambaa cha kichwa. Vilimbana, vilimtoa jasho, na wenzake walimtania kwamba anafanana na rubani. Alivivaa.

Nyumbani nako mambo yalibadilika. Eustache alimfundisha mkewe lugha ya ukumbini, jioni baada ya jioni, na Daphrose, ambaye koo lake lilikuwa limechoka, alijifunza haraka kuliko kijana yeyote aliyewahi kufundishwa kiwandani. Wiki ya pili Mukandekezi alitokea juu ya ua, mikono mitupu.

"Jirani, mko salama? Nina siku kadhaa sijui mmekula nini. Nimeanza kuogopa mmekufa."

Daphrose alimgeukia mumewe, akapapasa tumbo: patro anakuja. Eustache alicheka mpaka akashika kiti.

"Amecheka nini?" aliuliza Mukandekezi. "Umemwambia nini?"

"Hakuna kitu," alisema Daphrose, kwa ile sauti yake ya zamani, ya rozari. Mukandekezi ilibidi ainamie ua ili aisikie.

Jumapili walikaa benchi la mbele. Wengine wakanyamaza, Akimana akasogea mbele. Eustache aliinua kidole apige goti kama kawaida. Daphrose akakishika, akakishusha. Kisha, chini kwenye magoti yake, ili padri asione, ngumi yake ikazunguka: washa.

Eustache aliacha kutazama mdomo wa mtoto, akatazama mkono wa mkewe. Kiganja kilipanda: ongeza. Kikakaa juu, kikitetemeka kidogo, muda mrefu, na akina mama nyuma wakaanza kutafuta leso. Kikashuka taratibu, punguza, punguza. Benchi la nyuma Mukandekezi alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu, akitaka kujua hawa wawili wanasemezana nini. Mwishoni kiganja cha Daphrose kikakata hewa.

Padri alifungua kitabu. Eustache aliutazama ule mkono uliotulia juu ya kitenge, akaugusa. Kisha akakunja ngumi yake mwenyewe, akaizungusha.